Mashine Isiyoshiba Maji

Jumamosi hiyo mashine ya kufua ya Ndinda iliunguruma robo saa nzima na nguo hazikulowa. Ndinda, mwalimu aliyeishi mtaa wa Membley, Ruiru, na binti yake Maxine wa miaka sita, alikuwa ameinunua mtumba wiki hiyo hiyo. Akampigia simu Khisa, fundi wa Makongeni kule Thika, naye akaja na pikapu yake.

Khisa alianzia kwenye mfereji wa ukutani. Maji yalitoka kwa nguvu. Akafungua paipu ya nyuma, akasugua kichujio kidogo cha kuzuia mchanga, akapima vali ya kuingiza maji. Ilikuwa nzima. Mlango nao ulifunga vizuri.

"Sasa washa, madam."

Ndinda akabonyeza. Paipu ikatetemeka, wakayasikia maji yakiingia. Lakini ndani nguo zilibaki kavu, na sakafuni hakukuwa na hata tone.

"Si yanaingia? Mbona siyaoni?" Ndinda aliuliza.

Khisa akaweka sikio kwenye bati. Harufu ya tope la mto uliokauka ikampanda puani. Ndani, kitu kilikuwa kinameza. Kikatulia, kikavuta pumzi, kikameza tena.

"Mummy, bado nina kiu."

Maxine alisimama mlangoni na jagi tupu, la tatu tangu asubuhi, midomo imempasuka. Kila mashine ilipomeza, koo la mtoto lilicheza, ilhali mdomoni hamkuwa na kitu. Khisa alipoona hivyo akaufunga mfereji haraka. Mtoto akaanguka palepale, kana kwamba ndiye aliyekatiwa maji.

Kelele za Ndinda zilimleta jirani, Mwanaharusi, mama aliyejulikana mtaani kwa kuwasomea wagonjwa dua. Akapiga magoti, akasoma kwa sauti ya chini. Maxine akafumbua macho. Sauti iliyomtoka ilikuwa ya mwanaume mzee.

"Nipelekeni mtoni. Mimi na nyumba yangu."

"Usikubali, Mama Maxine," Mwanaharusi alinong'ona. "Nipe siku tatu nimsomee. Hilo jini likifika mtoni, hakuna atakayeliweza."

"Siku tatu? Mwangalie!"

Vidole vya mtoto vilikuwa vimekunjamana kama vya bibi kizee, na pumzi zilikuja moja moja.

Ndinda hakungoja, yeye na Khisa waliibeba mashine hadi kwenye pikapu, akampakata mwanawe kiti cha mbele, wakateremka kuelekea mto Ruiru, na njia nzima Khisa alisikia kucha zikikwaruza bati nyuma yake, polepole, bila haraka yoyote, kama za mtu ambaye tayari ameliona lango la kwao, wala hakuthubutu kutazama kioo.

Wakaisukuma majini. Ilizama bila povu. Maxine akakohoa, akalia, akaomba uji. Ndinda akamkumbatia mpaka mikono ikamuuma.

Usiku mvua ilinyesha hadi alfajiri. Asubuhi, akienda kanisani na Maxine, Ndinda akakuta watu wamejaa kwenye daraja la mto, wakitazama chini. Licha ya mvua, mto haukuwa na maji; mawe yalikuwa makavu, na samaki walirukaruka kwenye tope. Mwanaharusi alikuwa miongoni mwao. Alimtazama Ndinda, akatikisa kichwa.

Kisha mtoto mmoja katika umati akaanza kulilia maji. Akafuata wa pili, na wa tatu.

Ndinda akamziba Maxine masikio, akageuka, akaanza kukimbia.