Cheti Kisichogongwa Muhuri

Foleni ya duka la dawa ilikuwa imefika mlangoni, na mfamasia alikuwa amechoka kabla ya saa nne asubuhi. Mwanamume aliyefika dirishani alivaa miwani myeusi, kofia iliyoshuka hadi kwenye nyusi na shati la hariri lililokunjamana kama limelaliwa. Alipofungua mdomo tu, foleni nzima ikageuka. Nusu yao walikuwa wameoana kwa nyimbo zake.

"Dada, nihudumie kabla hawajaanza kunipiga picha."

"Subiri kama wenzako," mfamasia akamjibu.

Akasubiri, na ndivyo mapenzi yao yalivyoanza. Miaka miwili nyuma alianguka jukwaani. Mgongo ulipona, vidonge vya maumivu vikabaki, ila hilo la vidonge hakulisema. Alimpigia mfamasia simu kila mchana, akimwita daktari wake wa dirishani, naye akiitwa mgonjwa msumbufu. Wanasema mapenzi ni upofu. Ya mtu mzima hufumba macho yenyewe.

Cheti cha dawa kali kikishahudumiwa hugongwa muhuri, kisitumike tena. Siku moja mwimbaji akaomba chake kisigongwe. Alisema anasafiri kwa maonyesho, hataki kuhangaika ugenini. Mfamasia, miaka kumi na moja kazini bila kosa, akauweka muhuri chini.

Wiki mbili baadaye mwimbaji alisahau maneno ya wimbo alioutunga mwenyewe. Akakaa juu ya spika, watu wakacheka, kisha wakanyamaza. Mfamasia alipokwenda kumtazama nyumbani, alikuta kando ya kitanda pakiti za vidonge zenye lebo za maduka matatu mengine. Cheti kilikuwa kimoja, kile kile. Hakuhitaji kuelezwa.

"Ulinipenda mimi au lile dirisha?"

"Sijui tena, mpenzi," mwimbaji alisema, bila kuinua kichwa. "Nimechoka."

Jibu lile lilimuuma mfamasia kuliko uongo. Alijishtaki mwenyewe kwa bosi wake, akasimamishwa kazi miezi miwili, na simu za mchana akaziacha zilie. Dada yake alimwambia mwanamume mwenyewe kashaisha, redio zenyewe zimemsahau. Mfamasia aliitikia, kisha akalia akiosha vyombo.

Alikuwa amerudi kazini mwezi mzima alipomwona kwenye foleni. Hakuwa na kofia wala miwani. Alikuwa amekonda, shati la pamba likimning'inia mabegani, na hakuna aliyegeuka.

Akaweka karatasi mbili dirishani. Ya kwanza ilikuwa kile cheti cha zamani, kimechakaa kwa kukunjwa. Ya pili ilitoka kliniki: kidonge kimoja kwa siku, baadaye nusu, kisha basi, na kila kimoja akimeze mbele ya mfamasia.

"Wameniambia nichague duka moja. Kama hutaki, nielekeze kwingine. Ila hicho cha zamani kigonge, tafadhali."

Mfamasia alikigonga. Muhuri ulitoka kombo. Kisha akampa kidonge na kikombe cha maji, akamtazama akimeza.

"Lile swali lako," mwimbaji akasema, "bado silijui jibu."

"Najua. Vidonge vikiisha, siku inayofuata njoo mikono mitupu. Usipokuja, nitakuwa nimejibiwa."

"Na nikija?"

"Utasubiri kama wenzako," akasema, akamwita mtu wa nyuma yake.