Dirisha Lililopigiliwa Misumari

Dobi alikuwa na mdomo mzito lakini mikono myepesi. Shati likitoka kwake, mwenyewe hulivaa kwa maringo. Alifanyia kazi katika chumba kile kile walimolala yeye, mkewe na binti yao wa miaka miwili. Binti walimwita Chiriku, maana mdomo haukumtulia tangu alipoamka mpaka alipolala.

Pasi za Dobi zilikuwa za mkaa. Aliziwasha ndani, dirisha limepigiliwa mbao. Mbao hizo aliziweka kwa ajili ya bwana karani, mteja wake mkubwa, aliyewahi kurudisha shati jeupe kwa kosa la vumbi kwenye kola. Siku ile ile Dobi alichukua nyundo na misumari. Vumbi likakoma kuingia. Moshi nao ukakoma kutoka.

Kisha Chiriku akaanza kukohoa.

"Ni baridi hiyo," alisema Dobi, sigara mdomoni. "Mfunike."

Mama Chiriku akamfunika. Kikohozi kikazidi.

"Ziba na huo ufa wa mlango."

Akauziba kwa kitambaa. Jamani! Mtoto anakosa hewa, na watu wazima wawili wenye akili zao wanahangaika kuziba upenyo!

Asubuhi moja Chiriku aliamka kimya. Hakuitikia alipoitwa. Alipumua haraka haraka, na kila alipovuta pumzi, kifua kilibonyea chini ya mbavu. Mama hakumngoja mtu. Alimbeba mgongoni, mbio mpaka zahanati.

"Ni nimonia," alisema muuguzi, mama wa makamo asiyejua kubembeleza maneno. "Umefanya vizuri kumleta upesi. Mtoto akipumua hivi, kifua kikibonyea, usingoje hata kidogo."

Chiriku alipewa dawa na kuwekewa oksijeni. Dobi akaingia akihema, shati la mteja bado liko begani.

"Nilisema ni baridi," alinong'ona.

"Baridi?" Muuguzi alimgeukia. "Nimonia inaletwa na vijidudu. Hebu niambie, nyumbani kuna moshi?"

"Wa pasi tu. Mkaa."

"Mnafungua dirisha?"

Dobi alitazama chini. Mkewe akajibu: "Amelipigilia misumari. Na sigara anavutia humo humo."

"Basi sikilizeni. Moshi unadhoofisha kifua cha mtoto. Vijidudu vikija, vinakuta mlinzi hoi. Na mkaa, hata usipouona moshi wake, unatoa hewa ya sumu. Ndani ya chumba kilichofungwa inaweza kuwaua nyote mkiwa usingizini."

"Lakini mimi nimekulia kwenye moshi," alisema Dobi. "Mbona mzima?"

"Wapo wanaovuka barabara bila kuangalia na wakafika salama. Utamfundisha mwanao avuke hivyo? Si kila anayevuta moshi ataugua. Ila anausogelea ugonjwa. Chumba kisicho na hewa kinamsogeza tena. Sigara inamsogeza. Akikosa chanjo, ndiyo kabisa."

Hasira zilimpanda Mama Chiriku. Alimkasirikia mumewe, na alijikasirikia mwenyewe, maana kitambaa cha mlangoni alikiweka yeye.

"Mashati ya watu umeyakinga na vumbi," alimwambia. "Mwanao umemkinga na nini?"

Dobi alilitoa lile shati begani, akalishika tu.

Mama alilala na mtoto zahanati mpaka pumzi zikatulia. Siku waliporuhusiwa, alimkabidhi mtoto kwa baba yake, akachukua nyundo, akang'oa mbao zote. Kelele zake majirani wote walizisikia. Dobi hakuthubutu kusema "polepole." Alibeba meza ya pasi mwenyewe, akaipeleka barazani, na pasi akaziwashia uani. Sigara aliziacha kwa taabu na kwa kununa, lakini aliziacha. Chanjo iliyokuwa imebaki, Mama alimpeleka Chiriku akaipata.

Kikohozi kikaisha. Kelele zikarudi: Chiriku aligombana na kuku, na ndoo, na baba yake, mchana kutwa.

Ndipo bwana karani akaja kuchukua nguo zake. Aligeuza kola, akakunja uso.

"Dobi, nini hii? Vumbi! Si ulikuwa unapiga pasi ndani? Rudi ndani huko, au nitafute dobi mwingine."

Mama Chiriku alisimama mlangoni. Alikuwa tayari kupasuka. Lakini Dobi, yule wa mdomo mzito, alimtangulia.

"Katafute," alisema, sauti imepanda mpaka watu wakageuka. "Shati lako likichafuka, nitalifua tena, hata mara mia. Mapafu ya mwanangu nitayafulia wapi?"

Bwana karani alimtazama, akamtazama na Chiriku aliyekuwa akiifokea ndoo. Kisha akalirudisha shati mezani.

"Lifue basi," alisema. "Nitalifuata kesho."