Mifuko Miwili ya KM

Kila alipotoka shule, Akaliza alipitia kwenye chumba cha kushonea cha mama yake, karibu na soko la Gisenyi. Alivua sweta, akanywa chai iliyobaki kwenye chupa, kisha akawasha laptopu kuukuu iliyokaa mezani kati ya mkasi na pasi. Kazi yake ilikuwa kupokea wateja: kuandika vipimo vyao na kutia alama kwenye mifuko ya vitambaa vyao.

Zamani mifuko ilitiwa majina, lakini akina Mukamana ni wengi mno mjini, na nguo zikawa zinagombaniwa. Akaliza ndiye aliyeleta dawa. Katika klabu ya kompyuta, Mwalimu Anastase alikuwa amewafundisha kuandika programu inayotunga alama kwa kubahatisha: unaiambia urefu unaoutaka, nayo inaokota herufi moja baada ya nyingine bila mpango wowote, mpaka urefu utimie. Mwalimu alishauri herufi nane. Alishauri pia kwamba programu ikague kwanza kama alama hiyo imeshatolewa. Akaliza aliona kudarizi herufi nane kwenye kila mfuko ni adhabu, akaweka mbili. Ukaguzi nao akauacha, maana aliamini kwamba herufi zile zile kutoka mara ya pili ni jambo la kusubiriwa mpaka kiama.

Kiama hakikuchelewa. Alhamisi moja alasiri aliingia Mukamurenzi, mjane anayeuza samaki Rubona. Alikuja kujaribu gauni atakalovaa Jumamosi kwenye harusi ya binti yake. Kitenge chake kilinunuliwa Bukavu na marehemu mumewe, naye alikitunza sandukuni miaka yote hiyo, akiisubiri siku hiyo tu.

"Mama Akaliza, nimekuja kujaribu robe yangu," alisema. "Alama ni KM."

Mukantwari, mama yake Akaliza, aligeuka taratibu kuitazama meza. Palikuwa na rundo la vipande vya mraba vya kitenge cha buluu chenye picha za ndege. Alikuwa amevikata asubuhi ile, viwe foronya za mito ya hoteli moja ya kando ya ziwa.

Mukamurenzi aliokota kipande kimoja cha kitenge chake. Hakulia. Alikiweka mapajani akakinyoosha kwa kiganja, tena na tena.

"Niyigena, ni we ulileta huu mufuko," Mukantwari alimwambia msichana aliyekuwa akijifunza kushona kwake. "Uliangalia nini?"

"Niliangalia KM, mama. Iliandikwa KM."

"Basi kesho usirudi hapa."

Niyigena akaanza kukusanya vitu vyake. Akaliza aliinama chini ya rafu, na huko akauona mfuko mwingine, nao umedariziwa KM. Alifungua laptopu. Chini ya KM palikuwa na vipimo vya mito peke yake. Oda ya hoteli, iliyokuja baadaye, ilikuwa imefuta vipimo vya Mukamurenzi na kukaa mahali pake. Alielewa kila kitu, na kuelewa hakukumsaidia chochote. Kwenye kompyuta kosa hutenguliwa kwa kubonyeza kitufe. Mkasi hauna kitufe hicho.

Angeweza kunyamaza, kwa kuwa hakuna mwingine pale aliyeijua ile programu.

"Mama, si Niyigena," alisema. "Ni mimi. Programu ilitoa KM mara mbili. Mwalimu alituambia tuikague, mi nikaacha."

Mama yake hakumpiga wala kumkemea, na hilo lilimuumiza zaidi.

"Naweza kwenda Goma," Akaliza aliendelea. "Nitafute kingine kama hiki."

"Hata ukikipata, mutoto," Mukamurenzi alisema, "si yeye atakuwa amekinunua."

Maji yakimwagika hayazoleki.

Baadaye Mukantwari alimwendea Niyigena, akamtua mkoba begani. "Unisamehe. Kaa, tusaidiane." Wakaanza kuvipanga vile vipande, kimoja kando ya kingine. Ijumaa yote walishona, na jioni Mukamurenzi akalivaa gauni mbele ya kioo. Ndege wengi hawakuwa na mabawa, na mishono ilionekana wazi.

"Nitaivaa," alisema. "Bado ni kitenge chake." Lakini hakutabasamu, akaenda zake.

Akaliza alikuwa mezani akiisahihisha programu. Aliweka herufi nane, akaongeza ukaguzi, akaijaribu mara nyingi. Mama yake alivuta kiti akaketi karibu naye.

"Sasa iko sawa?"

"Ndiyo, mama. Ikiona alama imeshatolewa, inatunga nyingine."

"Bon, vizuri. Sikia, mwanangu. Ile mashine ilifanya vile uliiambia. Haimujui Mukamurenzi, haimujui bwana yake. We unamujua. Mutu akikuachia kitu chake, kazi ya kukichunga ni yako, si ya mashine."

"Lakini nilisema ukweli, mama."

"Ulisema, na nimefurahi. Ukweli wako umeokoa kazi ya Niyigena. Kitenge haukukiokoa. Siku ingine, mwanangu, uangalie mapema, mbele ya kufanya kosa."