Sauti Ndani ya Mashine ya Sumaku

Mumewe alipomwomba maji, mpiga picha aliachia bilauri ikapasuka sakafuni.

Mke mwingine angelia kwa furaha. Lakini yeye kazi yake ilikuwa kupiga picha za ubongo hospitalini kwa mashine ya sumaku, na picha ya mumewe aliipiga mwenyewe siku kiharusi kilipomwangusha. Damu ilikuwa imeganda na kuziba mshipa wa upande wa kushoto. Pale yanapotengenezwa maneno palikuwa peupe pe, na kwenye picha ile weupe maana yake ni kifo. Daktari wa ubongo, ambaye kazi yake ilikuwa kutazama picha na kusema mgonjwa atapona kiasi gani, hakumficha.

"Atakuelewa, dada. Kila utakachosema atakielewa. Na mkono wa kushoto utafanya kazi. Ila kusema, sahau."

Asahau! Mtu ambaye mtaa mzima ulimwita Chiriku! Alimtongoza kwa maneno, akamwoa kwa maneno, na walipogombana alimchekesha mpaka mwenyewe akasahau alichonunia. Bila sauti ile nyumba ilikuwa kama kaburi. Ndipo siku moja kazini, mashine ikiwa tupu, mpiga picha alibonyeza kitufe cha kipaza sauti anachotumia kuwatuliza wagonjwa, akasema: "Yeyote awezaye kunirudishia sauti yake na anirudishie. Sijali ni nani." Mle ndani hamkuwa na mtu wa kumsikia.

Na sasa Chiriku anaomba maji.

"Mwanangu kasema!" mama mkwe alipiga kelele mlangoni. "Hao madaktari wako na mapicha yao, waongo wakubwa!"

"Ndiyo, mama," alijibu, macho yasibanduke mdomoni kwa mumewe. Mdomo ulikuwa umepinda vilevile, mate yakichuruzika upande wa kulia, midomo haikutani. Hata hivyo maneno yalitoka yamenyooka. "Maji, mke wangu," sauti ilirudia, na chumba kikanuka majivu yaliyomwagiwa maji.

Tangu hapo sauti haikukoma. Iliwatania wageni, ikamsifu mama, ikacheka kile kicheko chake cha kukohoa. Wageni walivunjika mbavu. Mke peke yake ndiye aliyeona kwamba kila sauti ilipocheka, macho ya mumewe yalitoa machozi. Akashikwa na hofu, akashindwa kula, na mwishowe akamwendea mganga mmoja mzee aliyesifika kwa kutoa majini.

"Ndani ya mumeo kuna mpangaji," mganga alimnong'oneza. "Kumtoa naweza. Ila nihakikishie kwanza kwamba mwenye nyumba bado yupo. Nikimtoa huyu kwenye mwili usio na mwenyewe, pumzi nayo itatoka."

"Na akitoka, mume wangu atasema?"

"Ataongeaje, binti? Anayesema siye yeye."

Siku ya pili yake, adhuhuri, wenzake walipokwenda kula, alimlaza mumewe kwenye mashine. Mganga alibaki kwenye korido, maana vidole vyake vilikuwa vimejaa pete za chuma zisizovuka vifundo, na sumaku ile ingeweza kumvuta mkono. Mpiga picha alimwekea mumewe kipira kwenye kiganja cha kushoto, kile wanachopewa wagonjwa wote ili wakizidiwa wakifinye, kengele ilie.

"Kama wewe ni wewe, mume wangu, finya."

Akatoka, akaketi nyuma ya kioo. Mashine ikaanza kugonga. Papo hapo kengele ikalia.

"Niko salama, mke wangu," ilisema sauti kwenye spika, tulivu kabisa. "Huyo asikusumbue."

Kengele ililia tena, na tena, na picha zilipoanza kujichora kwenye kioo cha kompyuta aliona kwamba ule weupe ulikuwa umetanuka, umevuka mpaka alioutaja daktari, umeanza kuilamba sehemu ya kuelewa ambayo juzijuzi ilikuwa nzima, na akajua, kwa ujuzi wa miaka yake yote kazini, kwamba kila mzaha, kila sifa kwa mama, kila "mke wangu" ilikuwa inamtafuna mtu aliyelala mle, na kwamba akitolewa mpangaji leo mumewe atabaki bubu lakini atabaki, anamjua, anampenda, na asipotolewa, mumewe ataliwa mpaka ibaki sauti tupu.

"Atakuangalia tu," sauti ilinong'ona, na harufu ya majivu ikapenya mpaka nyuma ya kioo. "Asubuhi anakuangalia, jioni anakuangalia, mpaka mzeeke. Mimi sitanyamaza kamwe, kipenzi. Na si wewe uliyeniita?"

Aliziba masikio, akayazibua. Ilikuwa sauti ya mumewe, jamani, sauti yenyewe, na aliitamani kuliko alivyowahi kutamani kitu chochote duniani. Alimtazama mumewe kupitia kioo. Mkono wa kushoto ulikuwa unafinya na kufinya bila kupumzika, mishipa imesimama.

Mganga alisukuma mlango wa korido akachungulia. "Vipi, binti? Mwenyewe yupo?"

Mpiga picha alimgeukia. Machozi yalimshuka mpaka kidevuni.

"Hayupo," alisema.

Mzee alishusha pumzi. "Basi siwezi kumgusa. Pole sana, mwanangu." Akageuka kuondoka, kisha akasita. "Na hicho kinacholia hivyo?"

"Ni mashine tu, babu," alijibu, akaufunga mlango.