Mstari Mwekundu Uliofifia

Kila alasiri akitoka shule, Chiriku alipitia ofisini kwa shangazi yake, mpima maji wa mto, akafanya kazi zake za shule chini ya skrini kubwa ya ukutani. Mstari wa buluu ulionyesha kimo cha maji. Mstari mwekundu, juu yake, ulikuwa wa hatari: wa buluu ukiufikia, shangazi hupiga king'ora na watu wa bondeni wakahama. Bibi yake Chiriku aliishi huko, nyumba ya mwisho kabla ya mto.

Programu iliyochora mistari hiyo aliiandika Chiriku pamoja na mwalimu wa kompyuta. Kila mstari ulikuwa na rangi yake, lakini unene wa mistari yote na ukolezi wa rangi zake viliandikwa mahali pamoja, ukibadilisha hapo yote inabadilika. Mwalimu alimwambia autenge ule wa hatari, uwe na mtindo wake peke yake, usioguswa. Chiriku akaitikia, kisha akapiga chenga.

Wakati wa kiangazi rafiki yake alimcheka, eti vimistari vya miraba nyuma ya mchoro ni nondo za jela. Chiriku akaona haya. Akapunguza unene, akafifisha ukolezi, vimistari vikalainika kama utando wa buibui. Wa buluu nao ukafifia, basi akaupa mtindo wake, ukarudi. Siku hizo maji yalikuwa chini sana na skrini, ambayo mchoro wake hupanda na maji, ilionyesha sehemu ya chini tu. Mwekundu haukuwamo, naye hakuukumbuka.

Mvua zikaja. Alasiri moja mbingu iliinama, nyeusi, na mto ukanguruma hadi vioo vya dirisha vikatetemeka. Shangazi aliitupia skrini jicho, akasema maadamu mwekundu haujatokea, maji bado yako mbali. Akarudi kwenye simu.

Chiriku aliinua macho. Wa buluu ulikuwa umepanda karibu na ukingo wa juu. Akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa skrini. Pale, mwembamba kama unywele, mwekundu ulikuwapo. Wa buluu ulikuwa umeshaupita.

Angeweza kurekebisha kimyakimya, asijue mtu. Lakini programu ingebidi izimwe na kuwashwa upya, kompyuta ile ilikuwa nzito, na Bibi alitembea polepole.

"Shangazi, piga king'ora," alisema. "Mwekundu upo. Mimi ndiye niliyeufifisha."

Shangazi akaiacha simu. Akabonyeza kitufe cha king'ora.

Hadi jioni, kwa rehema za Mungu, watu wote wa bondeni walikuwa kwenye madarasa ya shule ya kilimani, hata Bibi, kalowa chapachapa, kuku kwapani. Nyumba yake ilikuwa imekwenda na maji. Chiriku akamweleza kosa lake.

"Kuku huyu anakushukuru," Bibi alisema. "Mimi bado nafikiria."

Shangazi akamvuta Chiriku kando. "Mwanangu, alama ya hatari haichorwi ipendeze, inachorwa ionekane. Ulipoambiwa uitenge ulipuuza, king'ora kikachelewa, na bibi yako hakuokoa ila kuku. Lakini aibu yako ya leo haikuzamisha mtu. Ukimya wako ungezamisha."

Wakarudi ofisini mvua ikiendelea kunyesha. Chiriku akauandikia mstari mwekundu mtindo wake peke yake, mnene, kisha akarudi nyuma mpaka mlangoni kuhakikisha kwamba hata kutoka pale unaonekana.