Msimu wa Gome Kuachia

Hadithi hii sikusimuliwa na mtu. Leroy alikuwa shemeji yangu, mume wa dada yangu Delphine, na kiberiti kilikuwa changu.

Ilikuwa asubuhi ya mwisho wa Juni, huku kwetu kaskazini mwa Minnesota, siku zile joto linapolifanya gome la miti myeupe liachie lenyewe. Tulikuwa watatu, tukitafuta gome la kuundia mtumbwi. Delphine hachagui kwa pupa. Huupapasa mti, huvifuata kwa kidole vile vistari vyeusi vilivyolala, hukunja kipande aone kama kitapasuka. Alioupenda siku hiyo ulikuwa laini kama shavu.

"Weka tumbaku shinani kwanza, uuombe mti ruhusa," alimwambia mumewe, akaenda kuchukua ngazi.

Leroy alifungua kifuko. Ilibaki kidogo tu. Akaisokota sigara, akanikonyeza.

"Mti wenyewe hauvuti, shemeji. Hebu niwashie."

Nilicheka. Nikamwashia.

Akakata mstari mmoja, juu hadi chini, kwa nguvu mno, kisu kikapita gome kikazama ndani ya mti. Gome likabanduka zima. Delphine aliporudi alilipapasa, akatabasamu. Hatukumwambia.

Siku ya tatu Leroy alianza kujikuna. Delphine alimvua shati. Mgongo ulikuwa mweupe, mkavu, wenye vistari vyeusi vilivyolala kutoka mabegani hadi kiunoni. Akavipapasa kama anavyopapasa mti. Mkono ukasimama.

"Hivi navijua," alinong'ona. "Leroy, tumbaku uliweka?"

Leroy alinitazama mimi.

Tulipeleka mfuko mzima wa tumbaku kule msituni, tukaumwaga shinani pa mti ule, tukaomba radhi. Haikusaidia. Kila siku kingo za ngozi ile ziliinuka kidogo. Daktari alitoa mafuta ya kupaka.

"Katikati ya Julai gome hushika tena," Delphine alisema. "Asiguswe na mtu mpaka hapo. Likishika, amepona."

Tulimlinda kwa zamu, milango tumeifunga kwa komeo. Wiki mbili. Niliogopa, sitaki kudanganya. Niliogopa hata pazia likitikisika.

Siku ya mwisho, saa sita mchana, Leroy alilala kifudifudi sebuleni. Alikuwa anakoroma. Nilikwenda jikoni kumimina kahawa. Hatua sita tu. Mkoromo ukakatika.

Nilirudi mbio. Alikuwa vilevile, mikono chini ya kidevu. Hapumui.

Ngozi ya mgongo haikuwepo. Ilibanduliwa nzima, kingo zimenyooka, kisu hakikuzama popote. Kazi safi kuliko yake. Damu hakuna. Komeo lilikuwa mahali pake.

Nilimwita dada. Hakupiga kelele. Alipiga magoti, akanionyesha sakafuni, karibu na kichwa cha mumewe.

Ndani ya nyumba ile hatukuwa na tumbaku hata chembe. Yote tuliipeleka msituni. Lakini pale palikuwa na tumbaku, fungu dogo, limewekwa kwa adabu.

"Huyu ameombwa ruhusa," Delphine alinong'ona.