Damu Chungu ya Pantaleo

Pantaleo aliuza vitunguu shimoni, chini kabisa ya soko jipya la Kariakoo, kwenye wauzaji wa jumla. Alikuwa mchapakazi na mkarimu. Alikuwa pia mtu wa majigambo, na majigambo yake makubwa hayakuhusu vitunguu. Yalihusu damu.

"Ukoo wetu una damu chungu," aliwaambia wachukuzi na wateja wake. "Mbu akituuma anatema mate. Surua ikituonja inakimbia. Kwa mama yangu tulizaliwa saba. Wote saba tuliugua surua, na wote saba tupo."

Watu walicheka, wakabeba magunia yao, wakaenda.

Mkewe, Severa, hakucheka. Walipanga chumba katika nyumba moja ya mtaa wa Sikukuu. Walikuwa na watoto wawili. Eliasi alikuwa na miaka mitano, na Angelina alikuwa na miezi kumi na moja. Mwaka uliopita Eliasi aliugua surua. Siku ya tano akaanza kudai chapati. Pantaleo alitangaza ushindi uwani, utadhani yeye ndiye aliyeumwa.

Kadi ya kliniki ya Angelina ilikuwa na nafasi moja tupu. Ilikuwa nafasi ya chanjo ya surua. Kila Severa alipolitaja jambo hilo, mumewe alimkatiza.

"Mtoto ni wa baba yake, Mama Eliasi. Jina langu, ukoo wangu, damu yangu. Ya nini kumchoma sindano bure?"

Severa alilelewa kutobishana na mumewe, lakini moyoni hakukubali. Kwao Rombo, surua iliwachukua wadogo zake wawili katika wiki moja. Alimwona mama yake akikunja vishati vyao vidogo na kuviweka juu ya dari. Hofu ile haikumtoka.

Jumanne moja asubuhi, mpangaji mwenzao alitoka chumbani na mtoto mgongoni. Alikuwa Zamda, mwenyeji wa Lindi, na mwanawe aliitwa Safari.

"Mama Eliasi, hebu mtazame Safari," alisema Zamda. "Tangu juzi anakohoa, makamasi hayakauki. Leo mwili unawaka moto."

Severa alimtazama mtoto. Macho yalikuwa mekundu na yanatoa machozi. Nyuma ya masikio palikuwa na vipele. Jana yake tu Safari na Angelina walikaa mkeka mmoja, wakinyang'anyana kijiko.

"Hii ni surua," alisema. "Mpeleke hospitali sasa hivi."

"Watu wanasema mwenye surua asiguswe na sindano wala maji. Eti vipele vinarudi ndani."

"Hao watu hawakumzaa Safari. Nenda, dada. Usichelewe."

Zamda alikwenda. Mchana habari zikaja kwamba Safari amelazwa. Surua ilikuwa imeingia mapafuni.

Severa hakumsubiri mumewe arudi. Alijifunga kanga, akamfuata nesi Candida, aliyekaa mtaa wa pili. Alimkuta anatoka kazini na sare yake nyeupe.

"Nesi, nakuomba uje uzungumze na baba watoto," alisema. "Mimi hanisikii. Tena uje na subira zako zote."

Pantaleo alirudi saa kumi na moja jioni akinuka vitunguu. Alimkuta nesi amekaa uwani na Severa. Pembeni alikaa Bibi Theopista, mama yake Pantaleo, aliyekuja kutoka Kibosho kuwaona wajukuu. Bibi alikuwa anamenya ndizi.

Nesi alieleza habari za Safari. Pantaleo alimsikitikia Zamda kwa dhati, aliyekuwa bado hospitali na mtoto. Kisha akaanza wimbo wake wa damu chungu. Severa aliinamisha uso kwa aibu. Lakini nesi Candida hakumcheka.

"Ndugu Pantaleo, katika maneno yako mna ukweli," alisema.

Pantaleo akatabasamu. "Unasikia, Mama Eliasi?"

"Sijamaliza. Surua inaletwa na kijidudu kidogo sana kinachoitwa kirusi. Kinatoka kwa mgonjwa anapokohoa, kinaingia kwa mwingine anapovuta pumzi. Sasa, miili yetu haifanani. Kuna mwili unaoamka upesi na kupigana nacho. Kuna mwingine unachelewa. Umri una sehemu yake, na chakula kina sehemu yake. Lakini sehemu nyingine mtu anazaliwa nayo. Ameirithi."

"Ndiyo hiyo. Imetoka kwangu."

"Nusu," alisema nesi. "Jina la ukoo ni la baba, hiyo ni mila yetu. Lakini mwili haujui mila. Mtoto anarithi nusu kwa baba na nusu kwa mama."

Pantaleo alikunja uso. Neno hilo lilikuwa geni kwake. Kwao mtoto alihesabiwa wa baba kwa kila kitu, na hakuna aliyewahi kumkatia nusu.

"Sawa, nusu," alisema. "Mbona Eliasi alipona haraka? Huyu ni mdogo wake, baba mmoja, mama mmoja."

Nesi aliomba ungo wa maharage aliokuwa nao Severa. Yalikuwa maharage ya mchanganyiko, mekundu, meupe na ya madoadoa. Alichota kikombe kimoja, akakimwaga kwenye sahani. Akachota cha pili, akakimwaga pembeni.

"Tazama. Ungo mmoja, kikombe kimoja. Punje ni zilezile?"

Pantaleo aliinama akatazama kama mtu anayekagua mali. "Hapana. Huku mekundu ni mengi."

"Ndivyo ndugu wanavyozaliwa. Kila mtoto amechotewa chake. Eliasi alipata alichopata. Angelina amepata kingine."

"Amepata kipi?"

"Sijui," alisema nesi. "Hata daktari hawezi kujua kwa kumtazama. Itajulikana siku akiugua, na siku hiyo tutakuwa tumechelewa. Chanjo haimuulizi mtoto ukoo wake. Inaufundisha mwili kumtambua adui kabla hajaja. Na hata mwenye mwili imara, akiugua kidogo tu, anawaambukiza wasio imara."

Pantaleo alikuwa ameshaanza kulegea, lakini kiburi ni kigumu kukiacha mbele ya watu. Alipapasa ndevu zake.

"Yote nimesikia. Lakini sisi tulikuwa saba, nesi. Saba, na hakufa hata mmoja."

"Tisa," alisema Bibi Theopista.

Kisu kilikuwa kimesimama katikati ya ndizi.

"Nini, mama?"

"Mlikuwa tisa. Kabla yenu walikuwapo Marcelino na Wilbert. Surua ilimchukua Marcelino siku ya sita. Wilbert alimfuata." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anataja bei ya mbegu. "Kwetu mtoto aliyekufa mdogo hatajwi. Baba yenu alitaka mkue bila kusikia msiba. Kwa hiyo tulihesabu waliobaki."

Miaka sita ya ndoa Severa alikuwa amelifungia neno lake, na sasa likatoka lenyewe.

"Na kwetu ni wawili," alisema. "Wadogo zangu. Hukuwahi kuniuliza, Baba Eliasi."

Pantaleo alimtazama mama yake, kisha mkewe. Alikaa chini kwenye kigoda, pole pole. Alikuwa na huzuni, na alikuwa na aibu, na hakuficha lolote kati ya hayo.

"Kila ukoo una damu chungu," alisema nesi taratibu, "ukihesabu waliopona tu."

Pantaleo alimnyanyua Angelina, aliyekuwa akicheza mkekani kando ya bibi yake. "Amecheza na Safari jana," alisema. "Tumeshachelewa?"

"Bado. Chanjo ikitolewa ndani ya siku tatu tangu mtoto akutane na mgonjwa, mara nyingi inawahi. Lakini iwe kesho."

Kesho yake vitunguu vilibaki kwenye magunia. Pantaleo alimbeba Angelina mwenyewe mpaka kliniki ya Mnazi Mmoja, Severa akifuata na kadi. Angelina alilia sana. Nesi Candida alijaza ile nafasi tupu, akawaambia mtoto anaweza kupata homa kidogo baada ya wiki moja, nayo si ya kutisha.

Siku ya nane homa ilikuja kweli. Pantaleo hakulala vizuri. "Nesi alisema," Severa alimkumbusha, akampa mtoto maji na kumnyonyesha mara kwa mara. Siku ya kumi Angelina aliamka mzima, akamng'ata kaka yake kidole.

Nyumba ile haikupona yote. Watoto wengine wawili ambao hawakuchanjwa waliugua. Safari alirudi baada ya wiki tatu, amekonda, sikio moja linatoa usaha, na Zamda alimpeleka hospitali kila Ijumaa mpaka likakauka. Angelina hakutoka kipele hata kimoja. Je, alirithi mwili imara au dhaifu? Hakuna ajuaye mpaka leo, na wazazi wake hawana haja ya kujua.

Mwezi uliofuata, siku ya chanjo, nesi Candida alifungua mlango wa kliniki akashangaa. Kwenye mabenchi, katikati ya akina mama, walikaa wanaume. Walikuwa wachukuzi na wauzaji wa rejareja, kila mmoja na mtoto mapajani, na harufu ya soko imejaa chumba kizima.

"Nani kawatuma?" aliuliza.

"Pantaleo," alijibu mmoja. "Kasema leo hafungui gunia mpaka tumwonyeshe kadi zina mhuri."

Asubuhi hiyo walichanjwa watoto kumi na wanne. Vitunguu vilianza kuuzwa saa tano.